Mnyororo wa Nanga kwa Chombo Kidogo cha Uvuvi: Kuuchagua, Kuufunga na Kuutunza

Mada kwa semina ya manahodha, mafundi na wenye vyombo, Mafia



Nimeombwa nizungumzie nanga. Nitazungumzia zaidi kile kinachoishikanisha nanga na chombo, kwa sababu nanga yenyewe tunaijadili vya kutosha kila siku. Kila nahodha ana lake: huyu anaitaka ya makucha manne, yule anasema baura, mwingine ameona nanga ya bapa mbili kwenye boti za faiba na sasa hataki nyingine. Mnyororo hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya mashine, nyavu na barafu. Mara nyingi huwa mita mbili au tatu za mnyororo wa kufungia mlango, na baada ya hapo kamba ya plastiki ya buluu hadi gubetini. Katika bahari yetu hii, yenye matumbawe chini na maji ya bamvua yanayopanda zaidi ya mita 3, mpangilio huo ni wa hatari. Mnyororo unastahili kupangiwa fedha mapema, na urefu wake uamuliwe na sakafu ya bahari unakotia nanga. Uzito wa nanga usiwe kipimo.

Kazi mbili za mnyororo

Kazi ya kwanza ni kuilinda amari na mwamba. Kamba iliyokazwa juu ya ukingo wa tumbawe hailali palepale. Chombo huyumba kwa upepo, hugeuka maji yanapobadilika kutoka kujaa kwenda kupwa, na kila mzunguko kamba inasagwa. Usiku mmoja wa kusi unatosha kuikata. Sasa fikirieni inakatikia wapi. Nje ya mwamba, mashariki ya Mafia, kina huongezeka upesi mno, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde hubeba chombo kilomita 3.6 kwa saa. Mabaharia wakichukuliwa wamelala, baada ya saa sita wako zaidi ya kilomita 21 mbali na pale walipotia nanga, mahali ambapo amari yoyote waliyobaki nayo haifiki chini.

Kazi ya pili ni kuulaza mvuto. Nanga nyepesi za kisasa hazishiki kwa uzito, hushika kwa kuchimba. Geoffrey Taylor, mwanahisabati wa Uingereza, alibuni nanga ya CQR mwaka 1933 kwa ajili ya ndege zinazotua majini, na ndege haiwezi kubeba chuma kizito. Ilibidi nanga ijizike yenyewe. Lakini nanga ya namna hiyo hujizika ikivutwa kwa mlalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka, na ndivyo sisi wenyewe tunavyoing'oa asubuhi: tunasogeza chombo juu yake na kuvuta wima. Mnyororo unaolala chini huhakikisha nanga inavutwa kwa mlalo hata kama gubeti inapanda na kushuka.

Hapa naomba tuvumilie hesabu kidogo, maana bila hesabu kila mtu atabaki na la kwake. Chukua boti ya mita 7 hivi, kutoka gubeti hadi sakafu ya bahari mita 6, na mnyororo wa milimita 8. Mnyororo huo una uzito wa takriban kilo 1.4 kwa mita nchi kavu, na kama kilo 1.2 ukiwa ndani ya maji. Upepo wa noti 15, bila mawimbi, tukadirie unaivuta boti kwa kilo 12. Ili mvuto ufike kwenye nanga ukiwa mlalo, karibu mita 12 za mnyororo zitanyanyuka na kuning'inia. Upepo ukifika noti 30, yaani maradufu, nguvu haiongezeki maradufu, inaongezeka mara nne, kwa hiyo mvuto ni kilo 48, na sasa unahitaji mita 22 au 23. Ongeza mawimbi juu yake na hata mita 30 hazitoshi. Mwenye mita 3 za mnyororo hana kitu kinacholala chini hata kwa upepo wa kawaida wa alasiri.

Je, basi tubebe mita 30? Kwa chombo kidogo kinachovutwa kwa mikono, hapana. Njia ya busara ni mnyororo kiasi, halafu kamba ya nailoni ndefu. Pepo zikizidi mnyororo utanyanyuka wote, na hapo kinachoiokoa nanga ni urefu wa amari nzima. Ukitoa amari mara tatu ya kina, mvuto unakuja kwa pembe ya nyuzi 19 hivi. Mara tano, nyuzi 11 na nusu. Mara saba, nyuzi 8. Nailoni inafaa hapo kwa sababu hurefuka inapovutwa na kupunguza makali ya mishtuko. Kamba ya plastiki inayoelea hairefuki vizuri hivyo, jua huila, na ikilegea huelea juu ambako panga la mashine, lako au la jirani, linaikuta.

Urefu na unene

Kwa mchanga na tope, kama wenzetu wanaovua mbele ya delta ya Rufiji, mnyororo usipungue urefu wa chombo. Kwa matumbawe, napendekeza mara mbili ya urefu wa chombo. Boti ya mita 7 ibebe mita 14, ambazo kwa milimita 8 ni kilo 20 hivi.

Najua malalamiko yatakayokuja: mabaharia watachoka. Lakini anayevuta amari haibebi yote kwa pamoja. Anabeba sehemu inayoning'inia tu. Kwenye kina cha mita 10, hata ukiwa na mita 14 za mnyororo, mikononi mwako kuna mita 10 zilizo majini, kama kilo 12, pamoja na nanga. Vijana wawili wanaopandisha nyavu zilizojaa hawashindwi na uzito huo.

Kuhusu unene, kwa ngalawa na vidau visivyozidi mita 6, milimita 6 inatosha, na uzito wake ni kilo 0.8 kwa mita. Kwa boti na mashua za mita 6 hadi 10 tumia milimita 8. Zaidi ya hapo nenda milimita 10, ambayo ina kilo 2.3 kwa mita. Kamba iwe na unene maradufu ya mnyororo: 12 kwa 6, 16 kwa 8, 20 kwa 10. Mnyororo wa kawaida wa daraja la 30 hukatika kwa takriban tani 1.7 ukiwa wa milimita 6, tani 3 ukiwa wa 8, tani 4.7 ukiwa wa 10. Usipange kuutumia zaidi ya robo ya nguvu hiyo. Mtasema hata huo mwembamba una nguvu kuliko boti zetu zinavyohitaji, na ukiwa mpya ni kweli. Lakini kutu na msuguano hula kila mnyororo kwa kasi ileile, na mwembamba hauna akiba.

Dukani

Hapa ndipo fedha za wavuvi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza angalia pete. Mnyororo wa nanga uwe wa pete fupi. Pete ndefu, zile za milango na mizigo, hupinda zikilalia ukingo wa jiwe au gubeti. Weka futi ya mita moja juu ya mnyororo uliokazwa uhesabu: milimita 8 wa pete fupi huwa na pete 41 au 42 kwa mita. Ukipata ishirini na kidogo au thelathini, huo si wa kazi hii, hata kama muuzaji anauita wa nanga.

Pili, pima uzito. Mita 10 za milimita 8 zinapaswa kukaribia kilo 14. Mizani ikionyesha kilo 11, unauziwa chuma cha milimita 7 kwa bei ya 8. Mwenye duka mwaminifu hatakataa mizani.

Tatu, tazama kiungio cha kila pete palipochomelewa. Pasiwe na ufa, pasiwe na pete iliyo wazi. Zinki iwe ya kuchovywa ikiwa moto, ya rangi ya kijivu iliyofifia na yenye kukwaruza kidogo kwa mguso. Ile inayong'aa kama kioo kwa kawaida imepakwa zinki nyembamba kwa umeme, na kwenye maji ya chumvi haidumu.

Watu wananiuliza kuhusu stenlesi, maana haishiki kutu. Katika maji yetu yenye joto, na hasa inapozikwa kwenye tope lisilo na hewa, stenlesi hupata nyufa ndogo ndani ya pete bila kuonyesha dalili nje. Mnyororo wa zinki hukuonya kwa kutu nyekundu kabla haujakatika. Kwa mvuvi mdogo, onyo hilo lina thamani kuliko mng'ao. Tena msichanganye. Shakeli ya stenlesi kwenye mnyororo wa zinki huifanya zinki ya pete za jirani iishe haraka, na kutu huanzia palepale kwenye kiungo.

Ile minyororo myeusi ya kunyanyulia mizigo bandarini ina nguvu nyingi, lakini haina zinki, na baharini huliwa upesi. Mnyororo uliokwishatumika unaweza kununuliwa, ila uupime kwanza. Kama huna kalipa, tumia spana. Pete mpya ya milimita 8 haiingii kwenye spana namba 7. Ivalishe spana hiyo pale pete mbili zinaposuguana, si ubavuni. Ikiingia, pete imepoteza zaidi ya sehemu 10 katika 100 ya unene wake, na nguvu iliyobaki haizidi robo tatu na kidogo ya ile ya awali. Mnyororo huo uachwe dukani, na kama ni wako, ndio mwisho wake.

Kwa mafundi: pete iliyokatika isichomelewe. Moto huunguza zinki, kiungio kinabaki dhaifu, na moshi wa zinki humpa mchomeleaji homa na kifua kubana. Kata sehemu mbovu, tumia iliyobaki.

Viungo

Amari nzima haina nguvu zaidi ya kiungo chake dhaifu, na mara nyingi kiungo hicho ni shakeli iliyonunuliwa kwa haraka. Nunua iliyopigwa muhuri wa uzito inaobeba. Ya milimita 10 iliyopimwa huandikwa tani 1, na hiyo ndiyo inayofaa mnyororo wa 8. Nenda dukani na kipande cha mnyororo wako, kwa sababu shakeli nene wakati mwingine haipiti kwenye pete fupi. Jaribu kabla ya kulipa. Mwili wake upite kwenye pete ya mnyororo na pini ipite kwenye tundu la nanga, au kinyume chake, ilimradi ikae bila kulazimishwa. Paka pini grisi, kaza, kisha ifunge kwa waya wa zinki kupitia tundu la pini na mwili wa shakeli. Pini isiyofungwa waya hujifungua yenyewe kadiri chombo kinavyogeuka na maji, na hakuna anayeiona ikifunguka.

Kamba ifike kwenye mnyororo kupitia kitanzi kilichosukwa juu ya kitanzi cha chuma chenye mfereji, halafu shakeli. Fundo la kawaida hupunguza nguvu ya kamba karibu nusu, na kamba tupu ndani ya pete husagika. Mafundi wa Jibondo wanaojua kusuka kamba za tanga wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko kitu chochote cha dukani. Wapeni.

Kwenye matumbawe ongezeni chelezo kidogo pale kamba inapoanzia. Upepo ukitulia usiku amari hulegea, na bila chelezo sehemu ya kwanza ya kamba hushuka na kulalia mwamba. Chelezo huishikilia juu.

Mwisho wa amari upande wa chombo ufungwe ndani kabla nanga haijatupwa, kwa kamba ambayo kisu kinaweza kuikata. Mnyororo uliofungwa kwa chuma hadi ndani hauwezi kuachwa kwa dharura. Gubetini pawe na kipitishio, gurudumu dogo au hata mpira mzito wa tairi, maana mnyororo hula ubao na faiba kama msumeno. Kwenye boti za faiba, kishikizo cha amari kifungwe kwa bolti zinazopita hadi ndani, zenye ubao mgumu nyuma yake. Skrubu peke yake hung'oka pamoja na kipande cha boti.

Na amari itoke gubetini daima. Kuna mtindo umeenea kwenye boti za mashine wa kufunga nanga upande wa tezi kwa sababu ndiko mvuvi alikokaa. Tezi ni pana, ni ya chini, na ina uzito wa mashine. Wimbi likija kutoka nyuma halina pa kupita ila ndani ya chombo. Nawasihi tuukomeshe mtindo huu katika kila diko.

Nanga iliyonasa

Hofu ya kupoteza nanga kwenye mwamba ndiyo inayowafanya wengi watumie jiwe, au mnyororo mfupi wa bei rahisi. Ipo njia. Shakeli ya mnyororo hufungwa kitakoni mwa nanga, pale makucha yanapokutana, badala ya pete ya juu. Mnyororo hulazwa sambamba na mti wa nanga na kufungwa kwenye pete ya juu kwa nyuzi kadhaa nyembamba za nailoni. Nanga inashika kama kawaida. Ikinasa, chombo kinasogezwa juu yake, amari inakazwa wima, nyuzi zinakatika, na nanga inatoka kwa kinyumenyume. Nyuzi ziwe na nguvu ya kuhimili siku ya kawaida tu, kwa hiyo msiitumie njia hii kwa kulala au kwa hali ya hewa mbaya. Nanga za nondo zinazochomelewa hapa hapa, ambazo makucha yake hunyooka yakivutwa sana, zinatoa faida ileile. Baada ya hapo unayapinda tena kwa bomba.

Lakini bora zaidi ni kutotia nanga juu ya tumbawe kabisa. Tuko ndani ya hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyotangazwa mwaka 1995, na palipo na maboya ya kufungia vyombo tuyatumie. Pasipo na boya, tafuta doa la mchanga: nanga inashika vizuri zaidi pale, na mnyororo unaozungushwa na maji hauvunji nyumba za changu na chewa tunaowategemea mwakani.

Kutia nanga kwa bamvua

Kosa linalosababisha nanga nyingi kuburuta ni la hesabu ya maji. Umetia nanga maji yakiwa yamekupwa kabisa, kina mita 4, gubeti iko mita 1 juu ya maji. Jumla 5, ukatoa amari mita 25, mara tano, vizuri. Maji yanajaa mita 3. Sasa jumla ni 8, na mita zako 25 zimekuwa mara tatu tu. Nanga inaburuta saa ileile maji yamejaa, na mara nyingi ni usiku. Hesabu kwa maji ya juu: mara tano ya 8 ni mita 40. Mwenye kuhesabu kwa pima, hiyo ni karibu pima 22. Wekeni alama kwenye amari kila pima tano, kwa kitambaa kwenye kamba na rangi kwenye mnyororo, mkono uzijue gizani.

Nanga ishushwe, isirushwe. Iguse chini, chombo kirudi nyuma kwa upepo au mkondo, mnyororo utandazwe bila kurundikana, kisha ukaze amari taratibu. Panga alama mbili za nchi kavu, mnazi na paa kwa mfano, na uzitazame kwa muda. Zikiachana, nanga haijashika. Miguu na vidole vikae mbali na mnyororo unaokimbia.

Kimbunga ni jambo jingine. Hidaya, kilichofika hapa Mei 2024, kimetukumbusha kwamba pwani yetu haina kinga. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Mnyororo wowote nilioueleza hautoshi kwa upepo wa namna hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, chombo kidogo kipandishwe juu, mbali na maji ya bamvua, mashine ing'olewe, na watu wakae nyumbani.

Utunzaji na ununuzi

Osheni mnyororo kwa maji baridi mkipata, na muuhifadhi kwenye beseni au gunia lenye matundu, usikae kwenye maji ya ngama. Kila mwanzo wa kaskazi ugeuzeni, upande wa nanga uwe upande wa kamba, kwa sababu mita za kwanza karibu na nanga ndizo zinazoliwa zaidi. Siku hiyohiyo pitisha spana kwenye pete na ufungue kila shakeli uitazame pini.

Tatizo la bei ni la kweli, na sitaki tulipite. Mnyororo unaonunuliwa mita tatu tatu ni ghali na mara nyingi ni mabaki ya aina tofauti. Pendekezo langu kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vilivyopo hapa ni kununua kwa pamoja: pipa zima la milimita 8 la aina moja, lenye cheti cha daraja, pamoja na shakeli zake. Lipimwe mbele ya wanachama wote, kwa futi na kwa mizani, kisha likatwe kwa mita 14 au kadiri ya chombo, ncha zilizokatwa zipakwe rangi ya zinki, na kila mwenye chombo alipe kidogo kidogo kwa mauzo ya samaki. Kalipa na mizani vibaki kwa kamati, viazimwe na yeyote. Mchana tutakuwa ufukweni na vipande vya mnyororo mpya na uliotumika. Naomba kila nahodha aje na amari ya chombo chake, tuipime moja baada ya nyingine.